Odile Alisema Uza

Kila mtu aliyekuwa katika ukumbi wa chini wa kanisa alilisikia lile neno, hata Padri, ambaye huwa hasikii akiitwa kuosha vyombo. Odile Berthiaume alikuwa amesimama kati ya meza mbili na sinia la pai za kuku mikononi. Jasho lilimtiririka shingoni, ilhali nje baridi ya Oktoba ilikuwa imeshaanza kuuma, na mikono ilimtetemeka hata vyombo vikawa vinagongana. Mbele yake alikaa Wendell Pruitt, mnunuzi wa ng'ombe, mdomo umejaa boga. Kosa la Wendell lilikuwa moja tu: kuuliza kwa utani, kama alivyouliza kila mwaka kwenye chakula kile cha kanisa, ni lini akina Berthiaume watamwuzia kundi lao.

"Chukua!" Odile akasema. "Chukua wote, usiache hata ndama! Nimechoka nao, nimechoka na mikia yao na mavi yao na maziwa yao. Hata leo njoo uwachukue. Unasikia, Normand? Uza! Mwuzie!"

Normand, mumewe, alikuwa upande wa pili wa meza, kijiko kimekwama njiani kati ya sahani na mdomo. Wendell akajifuta vidole kwa kitambaa cha karatasi, polepole, kisha akanyoosha mkono juu ya bakuli la kabichi. Alikuwa anacheka, lakini mkono haukuwa unacheka.

Katika bonde lile mkono ulionyooshwa mbele za watu hauachwi ukining'inia. Ng'ombe huuzwa kwa mkono, mashamba hukodishwa kwa mkono, na mtu aliyevunja ahadi ya mkono wake hata mwanawe haazimwi trekta. Normand aliutazama mkono wa Wendell, akautazama uso wa mkewe uliokuwa mwekundu, macho yamemtoka, kisha akawatazama majirani walioacha kutafuna. Akikataa, atakuwa amesema mbele ya kanisa zima kwamba neno la mkewe si kitu. Akikubali, wanyama aliowarithi kwa baba yake, ambaye naye aliwarithi kwa baba yake, wamekwenda. Alitamani sana Padri aanzishe sala. Padri hakuanzisha. Normand akautoa mkono wake.

"Kwa bei ile tuliyoizungumza mwezi wa nne," Wendell akasema. "Alhamisi ya wiki ijayo, si hii. Nitakuja na malori mawili."

"Alhamisi," Normand akaitikia, na sauti ikamtoka nyembamba.

Bernice wa nyumba ya jirani akampokea Odile sinia na kumwongoza jikoni. Nyuma yao kila mtu akageuka daktari, maana hakuna nyumba katika bonde lile isiyokuwa na mtu aliyewahi kuumwa na kupe wa kulungu. Ni ugonjwa wa Lyme, umempanda kichwani, mmoja alisema. Mwingine alikuwa na shemeji aliyepinda mdomo mwezi mzima. Wa tatu alisema dawa ni kitunguu saumu, tena kibichi. Normand alisikiliza wote na akawashukuru wote, na chakula kilichobaki sahanini hakukigusa tena.

Ndani ya gari lao la mizigo, Odile aliteremsha kioo cha dirisha mpaka chini.

"Funga, mke wangu, tutaganda."

"Nasikia joto."

"Nje kuna barafu."

"Basi we ganda, mimi niungue. Kila mtu na lake."

Normand akainua kola ya koti, akaendesha. Alitaka kuuliza swali moja tu, akafika nyumbani hajaliuliza. Alimwoa huyu mwanamke akiwa msichana wa miaka ishirini mwenye mkono mwepesi wa kukamua kuliko wanaume wawili, na katika miaka yote hiyo hajawahi kumsikia akipaza sauti mbele za watu. Tangu tezi yake ya shingo ilipolala, miaka kumi na mmoja iliyopita, alikuwa mpole zaidi, mtu wa sweta mbili na usingizi wa mapema, anameza kidonge chake cha tezi kila alfajiri na kuingia zizini. Halafu Julai hii akaenda kuchuma matunda pembezoni mwa msitu, kupe akamng'ata nyuma ya goti, na goti likavimba likawa kama boga la mashindano. Wakampa vidonge vya Lyme vya mwezi mzima. Uvimbe ukapungua, ukarudi, sasa alikuwa kwenye dozi ya pili. Ila goti halikuwa tena tatizo. Tatizo lilikuwa Odile mwenyewe, ambaye tangu Septemba hakuwa na breki.

Asubuhi Normand alipoamka alikuta sakafu ya jikoni imepigwa deki, kabati zote ziko wazi, na mkewe yuko juu ya kiti anafuta vumbi juu ya jokofu. Nguo zilimpwaya. Zizini alikamua upande wake wa ng'ombe kabla Normand hajafika nusu ya upande wake, akihama kutoka mashine hadi mashine, akigombana na kila mnyama kwa jina lake. Babette, ng'ombe mzee ambaye Normand alimpenda kupita kiasi na aliyekuwa na desturi ya kumlambia kofia, alipigwa kofi la paja kwa kosa la kusimama pale aliposimama siku zote.

"Odile," Normand akasema hatimaye, akiwa amejificha nyuma ya tumbo la Babette, maana kuna maneno ambayo mtu huyasema vizuri zaidi akiwa na ng'ombe katikati. "Jana. Ulisema kweli?"

Odile alisimama na ndoo mkononi. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitulia, ingawa vidole viliendelea kucheza kwenye mpini.

"Sijui."

"Hujui vipi? Umesema mbele ya Padri."

"Moyo unakwenda mbio kuliko mimi, Normand. Maneno yanatoka kabla sijayaona. Usiku nahesabu mbao za dari. Naogopa." Akahamishia ndoo mkono wa pili. "Naogopa nitakufa nikiwa nafagia."

"Basi ni ugonjwa."

"Labda."

"Ni ugonjwa," Normand akarudia, na akajisikia nafuu kidogo, kisha akaona haya kwa nafuu hiyo, kisha haya nayo akaiweka kando kwa sababu kulikuwa na kazi.

Binti yao Renee, aliyeishi mjini na kufanya kazi katika ofisi ya shule, alipiga simu kabla kifungua kinywa hakijaisha. Habari ya kanisani ilishamfikia. Katika bonde lile habari haihitaji malori.

"Baba, mpeleke mama hospitali. Lyme ikiingia moyoni si mchezo."

"Anakunywa dawa zake zote, mwanangu. Kwa saa. Vile vile ulivyompangia."

"Na maziwa?"

"Hagusi asubuhi. Ulivyokuja ukafoka mwezi wa nane, nani tena atathubutu?"

Ni kweli Renee alifoka. Alipoona mama yake anashushia vidonge vya Lyme kwa glasi ya maziwa, alimpokonya glasi mkononi. Maziwa huzuia dawa ile kufanya kazi, alisema, hata kwenye chupa imeandikwa. Tangu siku hiyo jagi halikuwekwa mezani asubuhi, na Normand alilazimika kunywea yake zizini, amesimama, kama mwizi.

Daktari Osgood alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Siku ya kwanza alimvika Odile kanzu ya karatasi, akambandika nyaya kifuani, akamtoa damu. Walipoitwa tena katikati ya wiki na Odile kuvikwa kanzu ile tena, daktari alikuwa na majibu mbele yake na kunyanzi kwenye paji la uso.

"Habari njema kwanza. Moyo unakwenda mbio, lakini Lyme haijaugusa. Na goti linaendelea vizuri. Kinachonishangaza ni hii damu. Dawa ya tezi imejaa mwilini, imepita kiasi sana. Unameza vidonge vingapi?"

"Kimoja."

"Una hakika? Wagonjwa wengine wakichoka huongeza. Sitakugombeza."

"Kimoja, daktari," Normand akaingilia. "Mimi shahidi. Hajaongeza, hajapunguza. Ninyi ndio mnaoongeza. Kidonge chake kimebadilika rangi mara ngapi? Cheupe, cha njano, sasa hiki cha buluu."

"Kwa sababu kila tulipompima, damu ilikuwa inadai," daktari akasema. Akaigeuza karatasi, akaigeuza tena. "Unakimeza saa ngapi?"

"Nikiamka tu," Odile akasema. Alikuwa anapigapiga kisigino sakafuni. "Tumbo tupu. Na maji."

Daktari alikuwa anaelekea kwenye swali jingine. Lakini Odile wa siku hizi hakuweza kuacha kimya kikae peke yake chumbani, akakijaza.

"Sasa hivi ni maji, yaani. Tangu binti yangu anikataze maziwa kwa ajili ya dawa za Lyme."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Na kabla hajakukataza?"

"Kabla? Maziwa."

"Kila siku?"

Normand alicheka, kicheko cha kwanza tangu pai za kuku. "Daktari, kwetu mtu anameza kidonge kwa maziwa, anashushia mkate kwa maziwa, anakwenda kitandani na maziwa. Maji ni ya ng'ombe."

"Miaka kumi na mmoja," daktari akasema.

"Nilifanya vibaya?" Odile akauliza, na uso ukamwiva. "Walisema nisile chochote kabla. Sikuwa nakula. Na kila nikija mnauliza natumia dawa gani nyingine. Maziwa si dawa. Maziwa ni... tunayo tu. Yapo."

"Hukufanya vibaya. Mimi ndiye sikuuliza, na niliona kabisa umeandika kazi yako ni nini." Daktari akavua miwani. "Sikilizeni. Maziwa hukamata sehemu ya kidonge, hakiingii chote. Damu ikawa inadai, nasi tukaongeza nguvu ya kidonge, tukaongeza tena. Tumeshindana na jagi lenu miaka yote hiyo. Halafu Renee akaondoa jagi kwa ajili ya Lyme, na alikuwa sahihi kabisa, na kidonge kizima kikaingia kwa mara ya kwanza. Ni sawa na mtu aliyezoea kusukuma lango lililokwama kwa bega. Siku limetiwa mafuta, anajikuta uani, kifudifudi."

Odile alianza kucheka, kisha machozi yakamtoka, na yote mawili yakaendelea pamoja. Normand akamshika bega. Daktari akaeleza: aache kidonge cha tezi kwa siku chache, kisha aanze kidogo zaidi, na maji, si maziwa, maisha yake yote. Vidonge vya Lyme avimalize, navyo pia mbali na maziwa. Akampa na kidonge cha kutuliza moyo. Hicho, alisema, angeona faida yake mapema. Mengine yangehitaji wiki kadhaa na kupimwa upya.

"Kwa hiyo hizi hasira," Normand akasema, akijaribu kuongea kama mtu asiyejali. "Haya makelele. Ni ya hiyo dawa kuzidi."

"Ikizidi inamfanya mtu asitulie, ndiyo. Hasira za karibu, usingizi hakuna, maneno mengi."

"Kwa hiyo mtu akisema jambo akiwa katika hali hiyo, tuseme jambo kubwa, si yeye aliyesema."

Daktari akamtazama yeye, akamtazama Odile aliyekaa pale katika kanzu yake ya karatasi.

"Hilo muulize mwenyewe," akasema.

Normand hakuuliza. Alitoka pale mwepesi wa miguu, akamfungulia mkewe mlango wa gari, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi, na njia nzima alipiga mluzi.

Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na Jumamosi asubuhi, baada ya kukamua, Normand alikwenda kuinama kwa Wendell Pruitt. Walisimama kwenye uzio wa Wendell, viwiko juu ya ubao, wakitazama mitamba ambayo hakuna kati yao aliyekuwa na haja nayo. Ndivyo mazungumzo yanavyoanzwa. Walizungumza mvua, walizungumza mahindi ya kuvundika ya kulisha ng'ombe, walimteta kidogo mtu mmoja aliyenunua trekta kubwa kuliko shamba lake. Ndipo Normand akalitoa: tezi, jagi, kidonge cha buluu, daktari.

Wendell alisikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi.

"Maziwa?"

"Maziwa."

"Hii ni mpya. Watu wamewahi kunikimbia kwa sababu ya mawakili, kwa sababu ya wakwe. Hakuna aliyewahi kunikimbia kwa sababu ya maziwa."

"Sikimbii. Nimekuja kukuomba."

"Naona. Na shingo imekuwa nyekundu." Wendell akatema mate pembeni. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mfanyabiashara. "Sikiliza, Norm. Mimi simnyang'anyi mgonjwa ng'ombe wake. Nikuachie tu, sawa. Lakini watu waliuona mkono. Alhamisi jioni wakiona ng'ombe wako bado wanatafuna, watasema nini? Watasema Wendell alitaka kuwaibia wazee, wamemshtukia. Jina langu ndilo duka langu."

"Unataka nini?"

"Twende kwa Hector. Jumamosi wote wako pale. Uwaambie mwenyewe kwa nini, kwa mdomo wako, mimi nikiwa nimesimama."

Duka la Hector Gagne liliuza vyakula vya mifugo, misumari na buti, na siku za Jumamosi wanaume walikaa karibu na jiko la kuni na vikombe vya kahawa mpaka saa sita, wakijifanya wamekuja kununua kitu. Walikuwepo sita au saba, wengi wao walikula pai kanisani siku ile. Wendell akajiegemeza kwenye magunia. Normand akavua kofia.

"Jamani, lile la kanisani," akaanza. Alikuwa amepanga kueleza yote, tezi na jagi na lango, lakini mbele ya nyuso zile maelezo yalimponyoka, akachukua lililokuwa karibu. "Biashara ya ng'ombe haipo tena. Wendell amekubali. Odile siku ile hakuwa na akili zake."

Kisha mzee mmoja kutoka karibu na jiko akasema, "Wangu hana akili zake tangu siku ya harusi, na hakuna aliyewahi kunirudishia chochote."

Duka zima likaangua kicheko. Hector akamimina kahawa nyingine, ya bure. Mtu akampiga Normand mgongoni, mwingine akasema wanawake na mambo yao, pole sana, Norm. Normand naye akacheka. Alicheka kwa nguvu, kama wenzake, na hicho kicheko ndicho kilichokuja kumsumbua kuliko maneno yenyewe.

Aliporudi alimkuta Odile amekaa. Hilo peke yake lilikuwa habari. Tangu Septemba hakuna aliyemwona mwanamke huyu amekaa kwenye kiti akiwa hajashika kitu. Dirisha lilikuwa limefungwa, sweta moja mwilini, mikono juu ya meza, kimya.

"Wanabaki!" Normand akasema kabla hajavua buti.

"Nani wanabaki?"

"Ng'ombe! Wendell kaniachia. Hakuna Alhamisi."

"Bernice amepiga simu," Odile akasema. "Mumewe alikuwa kwa Hector. Kaniambia nisijali hata kidogo, kila mtu ameelewa kwamba sikuwa na akili zangu. Ataniletea keki."

Normand akabaki na buti moja mguuni.

"Si ndivyo daktari alivyosema? Ilikuwa dawa."

"Daktari alikwambia uniulize. Nilikuwepo, Normand. Nilikuwa nimekaa pale na ile kanzu ya karatasi, nikangoja uniulize. Nikangoja kwenye gari. Ukapiga mluzi."

"Nilikuuliza zizini. Ulisema hujui."

"Na kweli sikujua. Kichwani kulikuwa na makelele, sikujisikia mwenyewe. Lete mkono."

Alikivuta kiganja kinene cha mumewe, kilichopasuka kwa baridi na maji ya dawa, akaviweka vidole vyake kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe. Normand aliweza kujua homa ya ng'ombe kwa kumshika sikio tu. Mshipa wa mkewe hakuwahi kuushika.

"Unakwendaje?"

"Polepole."

"Natoka jasho?"

"Hapana."

"Nimekupigia kelele?"

"Bado," akajaribu utani. Haukupokelewa.

"Basi shika hapo hapo, usiachie. Uza."

Mshipa haukuongeza mwendo. Normand aliusikiliza, akitaka uongeze, akiuomba.

"Nilikwambia mwaka ule Renee alipohamia mjini," Odile akasema. "Nilikwambia taratibu. Ukasema tungoje majani yaingie ghalani. Nikakwambia tena goti lilipovimba, nikiwa nimelala. Ukasema dozi iishe kwanza. Nikisema kwa upole unasikia upepo. Siku moja katika maisha yangu nimepiga kelele, ukasikia, ukampa mtu mkono. Sasa unakwenda kuwaambia watu zile kelele zilikuwa za kidonge. Kidonge kilinipa mbio, Normand. Maneno hakikunipa. Nilikuwa nayo."

"Hujawahi kusema unawachukia."

"Siwachukii. Babette namjua kuliko ninavyomjua dada yangu. Ndiyo shida yenyewe. Ginette yuko Sherbrooke, mwendo wa saa moja na nusu, na sijawahi kulala kwake hata usiku mmoja, kwa sababu asubuhi kuna kukamua na jioni kuna kukamua. Ana chumba amekiweka, na kitanda, anasema ni changu. Sijakiona."

Normand aliendelea kushika. Kulikuwa na jambo ambalo sasa alilijua na hakutaka kulijua. Daktari alipoweka kalamu chini siku ile, furaha iliyomjaa haikuwa ya kwamba mkewe atapona. Ilikuwa ya kwamba neno lake limefutika. Alimpenda, na alifurahi kwamba ni mgonjwa, yote mawili ndani ya kifua kimoja, na sasa aliona aibu ambayo hakuna ng'ombe wa kujifichia nyuma yake.

"Nimpigie Wendell?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ng'ombe ni wetu wawili. Tunaweza kugombana juu yao mpaka theluji ianguke, na huenda ukanishinda. Akili ni zangu peke yangu. Ulizimwaga kwa Hector, nenda ukazizoe. Hawaondoki kabla ya saa sita."

Akautoa mkono wake vidoleni mwa Normand, akainuka bila haraka, akaweka birika la maji jikoni.

Njiani Normand alijaribu hesabu kwa kila namna. Angeweza kusema alikosea maneno. Angeweza kusema mgonjwa si mwendawazimu, tofauti ipo, na kila mtu angeitikia kwa kichwa na ng'ombe wangebaki. Lakini kila njia aliyoishika ilimrudisha mahali pale pale: kama Odile alikuwa na akili zake, basi lile neno lilikuwa neno, na ule mkono ulikuwa mkono. Hakuna namna ya kumrudishia kimoja na kubaki na kingine. Alipita mbele ya zizi lake, akaona migongo myeusi na myeupe imejipanga kwenye ua, akapunguza mwendo, kisha akaongeza.

Kwa Hector walikuwa bado wapo, na Wendell alikuwa bado yupo, ana kahawa.

"Umesahau kofia?" Hector akauliza.

"Nimesahau kusema kweli." Safari hii hakuvua kofia. "Odile alikuwa na akili zake. Pale kanisani. Alikuwa mgonjwa, lakini alichosema alikisema yeye, na alikuwa ameshaniambia kabla, mara nyingi, mimi ndiye sikutaka kusikia. Nimemuuliza leo. Anasema vile vile."

Hakuna aliyecheka. Mzee wa karibu na jiko akatazama ndani ya kikombe chake. Wendell akaweka chake chini, akasogea karibu, akaongea taratibu kuliko Normand alivyowahi kumsikia.

"Norm. Unajua unachosema? Ukisema hivyo mbele za watu, mimi sina njia ya kukuachia tena."

"Najua."

"Kwa hiyo Alhamisi."

"Alhamisi," Normand akasema. "Usije mapema. Nitakuwa nawakamua peke yangu, itanichukua muda. Odile hatakuwepo. Atakuwa amelala kwa dada yake."